Wenyewe Wako Kwenye Korosho

Ninaikumbuka siku moja, mwanangu, ya mwezi wa kumi na moja, mwishoni mwa miaka ya tisini, nilipoiona nchi yangu kutoka juu kwa mara ya kwanza, na kwa maneno matatu tu nikamfuta mama yangu asiwemo ndani yake.

Kaa vizuri nikueleze, maana jambo hili ukilisikia nusu utanihukumu, na ukilisikia lote utanihukumu pia, lakini kwa haki.

Shule niliiacha nikiwa darasa la tano. Maswali yangu yalikuwa mengi kuliko subira ya mwalimu, na miguu yangu ilikuwa na haraka kuliko kengele. Nikaanza kuzunguka. Nimechota chumvi Mikindani, nimebeba saruji bandarini Mtwara, nimevuka Ruvuma kwa mtumbwi kwenda kuona tu wenzetu wa ng'ambo wanapikaje mihogo yao. Wahenga walisema mtembezi hula miguu yake. Mimi niliila, na nikaiona tamu. Kila nilipofika niliuliza: hiki mnakiitaje, kile kwa nini kiko vile, nani alianza? Watu walichoka na mimi, lakini nilijua vitu.

Mwaka huo nilikuwa nafyeka majani kando ya uwanja wa ndege wa Mtwara. Asubuhi moja ikatua ndege ndogo ya viti vinne, na ndani yake akiwamo mpiga picha kutoka Dar es Salaam, Bwana Sefu, mtu mwembamba mwenye kamera tatu shingoni. Alikuwa ametumwa kuipiga picha pwani yetu yote kutoka angani. Akaja hadi tulipokuwa tumekaa na mapanga yetu.

"Jamani, nani hapa anayajua majina ya huku? Kuanzia Mikindani mpaka Ruvuma inapomwaga maji, kisha juu mpaka Kitaya."

Mkono wangu ulinyanyuka kabla kichwa hakijafikiri. "Mimi, bwana. Huku sina ninachomuuliza mtu."

Mwenzangu akaangua kicheko. "Huyu? Huyu anauliza hata panzi anakwenda wapi!"

Lakini Bwana Sefu alikuwa amekwisha kunipa daftari. Kazi yangu ilikuwa nyepesi. Kila anapobonyeza kamera ananipigia kelele namba ya picha, nami naandika namba hiyo na jina la mahali. Mlango wa upande wake waliung'oa ili apate nafasi ya kuinama nje, akajifunga mkanda kama mzigo. Mimi nikawekwa nyuma. Rubani akanigeukia: "Ukitaka kutapika, tapikia kofia yako. Shingo yangu iache."

Mwanangu, sitasahau. Ardhi iliniachia. Vivuli vya mikorosho vikawa vidogo na duara, vimepangwa kama vifungo vya shati, na kivuli cha ndege yetu kikipita juu yake bila kuangusha hata jani. Nikaona ghuba ya Mikindani ilivyojikunja, nikaelewa ndani ya dakika moja kwa nini mawimbi hayafiki kule, jambo nililokuwa nimewauliza wazee watatu nikapata majibu matatu. Tulipopita Msimbati nikaona uzio wa fito wa kutegea samaki majini, umechorwa kama ncha ya mshale, na mwenye uzio mwenyewe kama chungu mweusi anatembea pembeni. Nikajiuliza: alijuaje kuuchora vile, naye hajawahi kuuona kutoka hapa?

Kisha mdomo wa Ruvuma. Maji ya mto yalikuwa rangi ya chai ya maziwa, na bahari ilikuwa buluu, na katikati yao palikuwa na mstari, mwanangu, mstari kabisa, kama vitambaa viwili vilivyoshonwa pamoja. Nilitamani tushuke nikautie mkono. Nilipiga kelele maswali mpaka sauti ikakauka. Rubani akaacha kujibu.

Tukapinda kufuata mto kwenda juu. Na hapo ndipo penye kisa.

Karibu na Kitaya kuna bonde. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na dada yake, mama mkubwa Somoe, ndani ya bonde lile. Pale ndipo nilipojifunza kutembea. Nimeamia ndege pale, nimekaa juu ya dungu, jukwaa letu la miti, na kombeo mkononi, nikiwafukuza wasile mpunga, tangu alfajiri mpaka jua linazama. Lakini nilikuwa sijawahi kuliona kutoka juu, na kutoka juu lilikuwa halifanani na kitu chochote ninachokijua, nisilitambue. Niliona majani makavu, vijia vya viboko, mistari hafifu hafifu. Hapakuwa na moshi wala mtu.

Bwana Sefu akainama nje, akapiga picha, akageuka. "Hapa panaitwaje? Pana watu?"

Kitu fulani kilinigusa, mti mmoja mkubwa wa msufi uliosimama peke yake kwenye pindo la mto. Ningeweza kusema, "Ngoja, sijui, tuzunguke tena." Ningeweza kusema, "Tukitua nitauliza." Lakini asubuhi ile nilikuwa nimejigamba kwamba sina ninachomuuliza mtu, na sikutaka kuonekana mwongo. Nikaangalia chini mara ya pili, nikaandika: Nyika. Hakuna watu.

Tukatua. Bwana Sefu akanishukuru, akaondoka na daftari. Mimi nikatamba mwezi mzima kwamba nimeona dunia.

Miaka minne ikapita. Nilikuwa nimetoka kuzurura Masasi, nikaamua kwenda kumsalimia mama mkubwa. Nimebeba kanga na sukari. Kufika Kitaya nikaambiwa watu wote wako kwenye ghala la korosho, pana mkutano. Ulikuwa tena mwezi wa kumi na moja. Watu walikuwa wamekuja moja kwa moja kutoka mashambani, viganja vyeusi kwa utomvu wa korosho, wameketi juu ya magunia. Mbele alisimama kijana mmoja, mpimaji wa ardhi, mpole, shati lake jeupe limeloa jasho. Alikuwa akieleza kwamba bonde la chini linatafutiwa matumizi. Kuna watu wanataka kuchimba mabwawa ya kufugia kamba, na kwa kuwa bonde halina wenyewe, kijiji hakitapoteza kitu.

"Halina wenyewe?" mama mkubwa aliuliza. Alikuwa ameketi safu ya mbele, miguu ameinyoosha.

"Ndivyo picha inavyoonyesha, mama. Hata leo asubuhi tumepita pale kwa gari, hatukuona mtu."

Akatundika picha ukutani. Ilikuwa kubwa kama mlango. Na chini yake palikuwa pamebandikwa nakala ya ukurasa wa daftari. Sikuhitaji kusogea kuusoma. Ile herufi k yenye mguu uliokunjwa kama mkia wa tumbili, niliyofundishwa darasa la pili, ilinikodolea macho kutoka ukutani.

Hakuna aliyejua. Bwana Sefu alikuwa mbali, daftari halikuwa na jina langu. Ningeweza kunyamaza, nikala wali wa mama mkubwa, kesho nikaendelea na safari.

Mama mkubwa aliinuka. Nilidhani atagomba. La, alikwenda kwenye picha akaanza kuitazama kama anayetazama uso wa mgeni. Kwa miaka yote hakuwahi kuliona bonde lake hivi, na alikuwa na shauku, mwanangu, shauku ile ile niliyodhani ni yangu peke yangu. Siku hiyo nikajua niliirithi wapi.

"Jua linatoka upande gani hapa?" akamuuliza mpimaji. Akaonyeshwa. Akapindisha shingo. "Basi mto unakuja hivi. Huu ni msufi. Eee, huu ni msufi wangu!" Kidole chake cheusi kikatembea polepole. "Hii mistari ni matuta ya majaruba ya mpunga. Hii mieusi ni mibono, mipaka yetu. Hapa kwangu. Hapa kwa Zainabu. Na hii nukta, tazameni, hii ni kivuli cha dungu langu. Mmenipigia picha dungu langu, hata hodi hamkupiga!"

Watu wakacheka, wakasogea, kila mmoja akitafuta kipande chake. Kisha akamwomba mpimaji amsomee maneno ya chini. Akasomewa.

"Nyika, hakuna watu," alirudia. "Aliyeandika haya hana mama."

Ghala zima lilicheka. Mimi nilisimama kule nyuma, na kanga yangu na sukari yangu.

"Ninaye," nikasema. "Ni wewe, mama. Ni mimi niliyeandika."

Kicheko kilikatika kama kamba. Mzee Likunda, mtani wetu wa Kimakua, ndiye aliyetangulia kupata sauti: "Mfungeni juu ya dungu huyo, aamie ndege mpaka mpunga uive!" Lakini hata yeye hakucheka.

Mama mkubwa hakupandisha sauti. Alinitazama kama alivyokuwa akiitazama picha. "Ulipita juu yangu?"

"Nilipita."

"Mwezi gani?"

"Huu huu, wa kumi na moja."

"Mwezi wa kumi na moja mimi huwa wapi?"

Nikainamisha kichwa. "Kwenye korosho, mama. Sote tunapanda juu kuokota korosho. Bondeni tunarudi mvua zikianza."

"Kumbe unajua." Akavuta pumzi. "Sasa hukumuuliza mtu?"

"Niliona haya. Nilikuwa nimeshawaambia najua."

Akatikisa kichwa taratibu. "Mwanangu, wewe ulipokuwa mdogo uliniuliza kwa nini chura hana mkia nikakosa usingizi. Maswali yako yote hayo, lile moja la kutuokoa ndilo ukalimeza? Mficha uchi hazai."

Akarudi kuketi safu ya mbele.

Yule mpimaji, Mungu amtunze, alikuwa mtu wa kusikiliza. Akasema kama maandishi yana makosa, basi mwenye makosa atembee naye. Tukatembea siku tatu, mimi na yeye na mama mkubwa mbele yetu. Alitupitisha jaruba kwa jaruba, akitugusisha mabua ya mpunga wa msimu uliopita. Niliandika majina ya wenyewe mmoja mmoja juu ya ile picha. Jambo lililonistaajabisha ni kwamba mistari niliyoiona hafifu kutoka angani, chini ilikuwa na hadithi: hapa palipiganiwa, hapa paligawanywa baada ya msiba, hapa bibi yangu alijifungua akipalilia. Kutoka juu nilikuwa nimeona umbo la nchi. Majina yake yalikuwa yanajulikana kwa miguu.

Bonde lilibaki na wenyewe. Lakini sikwambii hadithi yenye mwisho wa asali tupu. Kipande kimoja kwenye pindo la mto kilikuwa cha Bi Hadija, mjane aliyehamia Mtawanya kwa binti yake. Mpimaji alitaka mwenyewe au mrithi anayeijua mipaka yake. Nikakimbilia Mtawanya. Nikakuta wamemaliza arobaini yake wiki moja kabla. Binti aliondoka bondeni akiwa mgongoni mwa shangazi yake, hakujua hata mbono mmoja. Kwenye karatasi za ofisi kipande kile kimeendelea kuitwa nyika, kwa maneno yangu. Kila nikipita pale huvua kofia.

Mpimaji alipofunga kazi, alimpa mama mkubwa ile picha ya zamani, iliyochakaa kwa vidole vyetu. Naye mama mkubwa akaitundika juu ya kitanda chake. Akakata kwa kisu ule ukurasa wenye k yangu, akaniletea kalamu.

"Andika upya hapo chini."

"Niandike nini, mama?"

"Andika: Wenyewe wako kwenye korosho. Watarudi mvua ikinyesha."

Nikaandika. Mama mkubwa sasa amepumzika, na picha ninayo mimi. Ndiyo hiyo uliyokuwa ukiitazama tangu ulipoingia, ukaniuliza kwa nini ina maneno yale.

Basi, mwanangu, nimekujibu. Nawe naona una miguu yangu, na nyakati zenu zimekuja na macho mengi ya kutazama kutoka juu. Sikukatazi kupanda. Panda, tena ukae dirishani. Mimi hata leo nikipata nafasi nitapanda. Ila ukifika juu ukaona pametulia, usiseme hapana mtu. Uliza ni mwezi gani, na mwezi huo wenyewe huwa wapi. Mtu akiuliza jambo ukawa hulijui, sema sijui, hata kama jana ulijitapa mbele ya watu mia, kwa sababu aibu ya sijui huisha jioni ile ile, na maneno uliyoyaandika kwa kujifanya hukaa ukutani miaka yakimngoja mama yako. Na ikiwa umeshayaandika, kama mimi, simama kule nyuma ulipo, useme ni mimi. Kisha shuka ukatembee.

Nenda sasa, jua lingali juu. Mwenyezi Mungu akupe macho yanayofika mbali na miguu isiyoona haya kurudi kuuliza. Asikupitishe juu ya kwenu usipatambue. Na popote utakapokuwa siku watu wakikutazama wakaona pako patupu, akujaalie mmoja wa kuwaambia kwamba umekwenda kwenye korosho, na kwamba mvua ikinyesha utarudi.