Samaki wa Dubai

Mimi najisifu kwa mambo mawili tu: kupika dagaa, na lile tangi la samaki lililokuwa saluni kwangu. La dagaa niaminini tu. La tangi lazima nilieleze, maana mpaka leo wapo watu hapa Mwanza wanaosimulia eti wao walijua mapema kuwa lingefaulu. Thubutu! Walikuwa wanacheka na kupigana vikumbo.

Nilipunguzwa kazi kwenye ofisi ya kiwanda cha pamba miaka ile ya tisini, mashirika ya umma yalipokuwa yanauzwa na kufungwa. Wenzangu wengine walirudi vijijini, wengine wakaingia kwenye mitumba. Mimi nilichukua kiinua mgongo changu nikafungua saluni: chumba kimoja, draya mbili, kioo kikubwa ukutani. Shida ni kwamba saluni zilikuwa zinafunguliwa kila kona. Nikajiuliza, mwanamke akikaa chini ya draya saa nzima, anatazama nini? Anatazama ukuta. Nikaamua kwangu atatazama samaki.

Tangi la kioo nililipata kwa familia moja ya wafanyabiashara waliokuwa wanahama. Lilikuwa zima, na pampu yake ya hewa inanguruma vizuri tu umeme ukiwepo. Siku nilipolileta, wateja wangu wawili walishikana mikono kwa kicheko. Mmoja akasema, "Yaani wewe mtoto wa mvuvi wa Ukerewe unakwenda kununua samaki dukani, tena asiyeliwa?" Nikamwambia ainamishe kichwa nimwoshe dawa.

Duka la samaki wa mapambo tulilolijua lilikuwa moja tu. Liliuza kasuku, minyororo ya mbwa, na samaki ndani ya vioo vilivyoota ukungu wa kijani. Mwenye duka alikuwa mwanamume wa makamo, shati kalichomekea, aliyewahi kukaa Dar miaka kadhaa na hakumpa mtu nafasi ya kusahau jambo hilo. Aliniuzia samaki wawili wa rangi ya dhahabu ndani ya mfuko wa nailoni. Mfuko ulivuja njia nzima, nikafika saluni sketi imelowa na samaki wanalala ubavu.

Siku ya pili walikufa. Nikarudi dukani.

"Dada, uliwapa nini?" akaniuliza bila kuinua macho.

"Chakula ulichoniuzia mwenyewe."

"Maji je?"

"Maji safi. Nilichemsha, nikayapoza, ndiyo nikamimina."

"Vizuri sana," akasema. "Basi samaki wako walikuwa na huzuni. Chukua wengine."

Huzuni! Nikachukua wengine. Hao nao wakafa. Nikarudi, akaniuzia dawa ya matone ya bluu. Nikaweka matone, maji yakawa bluu, wateja wakaniuliza kama siku hizi natengeneza wino. Samaki wakafa ndani ya wino. Safari nyingine nilimwonyesha samaki mwenye pezi lililochanika, akaniambia ndiyo mtindo wao. Nikimwambia arudishe chochote, ananiambia samaki akishatoka dukani ni wa kwako, kama mume. Nilikuwa narudi barabarani nasema peke yangu, watu wananipisha.

Na maji yale nilikuwa nachemsha kwa moyo wote. Kila mara kipindupindu kilipotajwa, redio na hospitali zilituimbia tuchemshe maji, na mimi kwangu hata mgeni wa dakika tano hakunywa maji mabichi. Ningewezaje kuwapa samaki wangu maji ambayo singempa mgeni?

Kisha maneno yakaanza. Pale kwa fulani pana kisirani, kila wiki kitu kinakufa. Wanaokuja kuweka nywele dawa ya kalikiti wakaanza kuwa na udhuru. Halafu shangazi wa bibi harusi mmoja, aliyekuwa ameikodi saluni nzima kwa siku ya Jumamosi, akaja kuniambia usoni: "Bibi harusi hawezi kupambwa mahali panapokufa samaki. Utanisamehe." Jumamosi ile nilikaa peke yangu, draya zimezimwa, naangalia maji matupu. Roho iliniuma sana. Nikiliondoa tangi, nimekubali kwamba kisirani kipo. Nikiliacha na samaki wakaendelea kufa, saluni inafungwa, na mimi sikuwa na ofisi ya kurudia. Nikasema haki ya Mungu, samaki wataishi humu.

Jumatatu nilikuwa dukani kabla hajafungua. Safari hii alinipokea kwa tabasamu. Alikuwa na samaki wapya, akasema, mzigo kutoka Dubai. Wakati ule kila kitu kilitoka Dubai: redio, mapazia, hata kandambili, kwa hiyo sikushangaa. Akafunua ndoo. Mama yangu! Samaki mdogo wa urefu wa kidole, mwili bluu inayong'aa, mkia mwekundu. Walikuwepo wawili wa namna hiyo, na wengine wawili wa rangi ya majivu, wasio na sura.

"Hao wa majivu nakupa nyongeza," akasema. "Na uchukue na maji yao, ndiyo waliyozoea."

Nikabeba ndoo kichwani mpaka saluni, nikamwaga maji ya zamani, nikamimina yote tangini. Wiki ikapita, ya pili ikapita, wapo! Wateja wakaanza kurudi, kwanza mmoja mmoja, kisha na wenzao. Kichwa kikanivimba. Aliyeingia, kabla hajakaa, nilishamwambia: "Umewaona samaki wangu wa Dubai?"

Hapo ndipo baba yangu alipokuja. Alikuwa mvuvi maisha yake yote kule Ukerewe, na sasa alikuja kwa meli kutoka bandari ya Nansio kutibiwa mtoto wa jicho.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama."

Nikamkalisha kiti cha karibu na tangi, nikangoja anisifu. Akasogeza uso mpaka pua ikagusa kioo, akaangalia kwa jicho lake zima, akaangalia tena. Kisha akauliza kwa sauti ya mtu aliyezoea kusema kwenye upepo wa ziwa:

"Mama, furu hawa umewatoa wapi?"

Wateja wawili waliokuwa chini ya draya wakainua vifuniko. Ardhi ingepasuka ningeingia. Furu! Samaki wa chambo, samaki wa supu ya watoto, niliyekula na ugali utoto wangu wote. Lakini mimi furu nilimjua ndani ya chungu, ambamo wote wana rangi ya mchuzi. Sikuwahi kumwona akiwa hai ndani ya kioo, mwanga unampiga, amevaa hivyo. Nimekwenda kununua dukani kitoweo cha nyumbani kwetu, kwa bei ya Dubai.

Nilikwishavaa viatu niende nikampe yule mtu vidonge vyake, ila nikaona baba hacheki. Alikuwa bado ameshika kioo kwa viganja viwili.

"Huyu wa bluu sijamwona miaka," akasema. "Tulisema sangara amemla akammaliza. Nilishamhesabu kuwa hayupo tena duniani."

Ndipo akaniuliza maji. Nikamweleza kuwa yakipungua naongeza ya kuchemsha. Akanitazama vile alivyokuwa akinitazama nikiwa mdogo nimevunja kitu. "Maji yaliyochemka yamekufa, mwanangu. Samaki atavuta nini humo?" Kumbe wale wote waliotangulia niliwaua mimi, kwa usafi wangu! Kesho yake alfajiri nilishuka ziwani na madumu mawili, nikachota penye mawe. Tangu siku hiyo tangi halikuona sufuria.

Wiki hazikupita nyingi, mmoja wa wale wa majivu akaacha kula. Kidevu kikamvimba, akajificha nyuma ya jiwe. Mteja mmoja akaguna, "Na huyu naye anakwenda." Neno lile likanichoma, nikajua maneno ya kisirani yanarudi. Nikakimbilia dukani, ujinga gani sijui, na mwenye duka akanijibu papo hapo: "Hiyo ni homa ya koo. Mtoe umtupe, ataambukiza wenzake. Au weka matone." Nikarudi na matone. Nilikuwa nimeshafungua kichupa baba aliponidaka mkono.

"Usithubutu! Ana watoto mdomoni."

Wote saluni tukamgeukia. Akatueleza, jicho moja limefungwa bandeji ya hospitali, kwamba furu jike hulea mayai na watoto ndani ya mdomo wake, na muda wote huo hali kitu. Alisema kule kwetu Ukerewe, jike akivutwa na ndoano akatema watoto ndani ya mtumbwi, babu yangu alikuwa anasimamisha kazi. Anachota maji na watoto kwa kibuyu, anamrudisha mama kwanza, kisha anamwaga watoto palepale alipo. Majirani walimcheka, mtu mzima anabembeleza chambo. Baba naye alifanya hivyo maisha yake yote. Na mimi binti yake nilikuwa hapo na kichupa cha sumu mkononi.

Nikakimwaga nje. Tukasubiri, baba amehamishia kiti chake pale kabisa. Aliacha meli mbili zikaondoka bila yeye.

Wakatoka siku ya Jumamosi, saluni imejaa, mikono yangu ina dawa mpaka kwenye viwiko. Baba akaniita. Yule wa majivu, wa nyongeza, asiye na sura, alifungua mdomo, na watoto wakatoka kama punje za ulezi zenye macho. Wanawake wakainuka na rola kichwani. Dume la bluu likasogea, na mama akafungua mdomo tena, watoto wote wakarudi ndani mbio. Weee! Vigelegele vilivyopigwa pale vilivuta watu kutoka sokoni. Nililia mbele za watu wala sikuona haya. Jumatatu yule shangazi wa bibi harusi akaja kuuliza kama nina nafasi, nikamwambia apange foleni.

Na mwenye duka akaja pia. Alikuwa amesikia. Akavua kofia, akasema, "Dada, hawa wa Dubai wamezaa, naomba uniuzie watoto."

"Msalimie mzee kwanza."

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Sasa mwulize ni samaki gani."

Hakuuliza. Aliangalia viatu vyake, akakiri kwamba aliwanunua kwa watega chambo pale ufukweni. Nikamwambia watoto atapata, tena bei ya kawaida, ila aandike kwenye kioo cha duka jina lao na kwao. Akaruka: "Dada, nani atanunua furu?"

"Mimi nilinunua," nikamjibu.

Siku baba alipoondoka, nilimsindikiza bandarini na tukapitia njia ya dukani makusudi. Kwenye kioo palikuwa na boksi lililokatwa, limeandikwa kwa wino mwekundu. Baba hakwenda shule. Akasimama na kifurushi chake akauliza kumeandikwa nini.

"Furu wa ziwa letu," nikamsomea.

"Soma tena."

Nikasoma tena, kwa sauti, hata mwenye duka akachungulia. Meli ilishapiga honi ya kwanza, lakini baba aliweka kifurushi chini, akasogea kwenye kioo kama alivyosogea kwenye tangi langu.

"Furu ni lipi hapo?"

Nikamshika kidole, nikakiweka juu ya neno.