Nyasi za Nyumba Kubwa

Harufu ya mkonge uliochakatwa haimtoki mtu maishani. Ni harufu chachu ya majani yaliyopondwa yakaachwa yaoze juani, na katika shamba tulilokaa karibu na Voi ilikuwa kwenye nguo, kwenye uji, hata kwenye nywele. Mahali pamoja tu haikufika: juu ya kilima kidogo, kwenye Nyumba Kubwa ya Mzungu mwenye shamba. Ilikuwa na kuta za mawe, paa la vigae vyekundu na baraza pande zote, na watoto wa kambi ya vibarua tulikatazwa kuisogelea. Mimi nilipita kwa sababu Baba alikuwa mtunza bustani. Nilijivunia jambo hilo mno.

Babu yangu alikufa akiijenga nyumba hiyo. Alianguka kutoka kwenye paa, Baba akiwa bado mdogo, akazikwa nyuma ya nyumba pamoja na vibarua wengine watano waliokufa kwa homa, kila mmoja na rundo lake la mawe. Kwetu milimani Mbololo siku hizo, maiti ikishakaa ardhini muda wake, mtoto wa kiume alifukua kaburi, akatoa fuvu na kulipeleka kwenye pango la ukoo. Hapo ndipo marehemu alihesabiwa kuwa amefika nyumbani. Nyanya, mjane wa Babu, alingoja mwanawe akue aifanye kazi hiyo. Mwanawe akakua, akabatizwa, akasema mambo ya mapangoni ni ya kishenzi. Nyanya hakugombana naye, aliendelea kungoja tu. Kila baada ya mavuno alishuka na kibuyu cha pombe ya miwa, akanishika bega nimwongoze hadi kaburini ammwagie Babu, maana macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho. Mimi nililijua kaburi kwa jiwe moja jeusi lililokaa juu ya rundo.

Nilipokuwa na miaka tisa, binti wa Mzungu alikaribia kuolewa, na ikatakiwa sherehe ifanyike nyuma ya nyumba, kwenye uwanja wa nyasi. Baba aliamriwa aondoe mawe na kusawazisha. Aliyaondoa kwa asubuhi moja, upesi, bila kutazama alichokuwa akishika. Mimi nilimsaidia kuyabeba hadi kwenye matuta ya maua, nikiimba. Hata lile jeusi nililibeba mimi.

Habari zilimfikia Nyanya, naye akashuka kutoka Mbololo akishikwa mkono na jirani. Alikaa mlangoni petu hata maji hakunywa.

"Mwanangu," alisema, "nitolee mtu wangu kwanza. Kisha wapande nyasi wapendavyo."

"Mama, nikionekana pale nikifukua kaburi tutafukuzwa sote."

"Basi tufukuzwe tukiwa naye."

Baba alichukua jembe akaanza kulinoa. Nilimwogopa Mungu wake na nikamwogopa Nyanya, na nadhani Baba aliwaogopa wote wawili, pamoja na njaa.

Tulikwenda Jumapili adhuhuri, wenye nyumba wakiwa wamealikwa chakula shamba la jirani. Uwanja ulikuwa mtupu, mwekundu, umelainishwa vizuri. Baba alisimama na jembe akanitazama, kwa sababu tangu abatizwe hakuwa amelizuru kaburi la baba yake hata mara moja, na mawe yenyewe aliyaondoa bila kuyatazama.

"Wewe ndiye unayemleta Nyanya. Ni wapi?"

Sikujua. Bila mawe yale sikuwa na chochote cha kushika akilini. Lakini wakubwa wawili walikuwa wakiningoja mimi, na sikuwahi kungojwa na mtu mkubwa. Nikanyoosha kidole. "Hapa," nikasema, kwa sauti ya mtu asiye na shaka.

Baba alichimba, akatoa fuvu, akampa mama yake huku amegeuza uso. Nyanya alipangusa udongo, akapitisha kidole kwenye meno ya mbele taratibu, akarudia. Kisha akasema, "Ndiye," akalifunga kwenye kanga. Baba alilia. Alifukia shimo akilia, akapiga udongo kwa mgongo wa jembe hadi alama ikapotea.

Mimi na Nyanya tuliondoka saa ileile kupanda Mbololo. Tulipopumzika njiani ndipo aliponiambia. "Babu yako alichongwa meno ujanani. Huyu meno yake ni mazima."

Nilitaka ardhi inimeze. Nikamwuliza kama turudi.

"Turudi tukachimbe wapi? Utaonyesha wapi tena?" Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Baba yako usimwambie. Na huyu naye kuna mama aliyemngoja. Nishike mkono, twende."

Mgeni yule akawekwa pangoni, mahali alipotengewa mume wake. Nyanya hakushuka tena shambani hadi alipofariki.

Siku hizi Nyumba Kubwa inakodishwa kwa harusi na mikutano. Mwaka jana mjukuu wangu aliolea pale. Mshereheshaji alituhadithia kwa kipaza sauti historia ya nyumba: vigae vililetwa kwa meli, Mzungu alipenda sana maua. Watu walipiga makofi, muziki ukafunguliwa, vijana wakacheza kwenye nyasi. Ni nyasi nzuri, lazima niseme. Sasa hakuna anayetukataza kusogea, na mimi nilikalishwa kiti cha mbele chenye utepe. Mjukuu wangu alikuwa na furaha, nami sikuwa na moyo wa kumwambia anacheza juu ya nani.

Niliinamisha glasi nikamwaga soda yangu yote chini. Kijana wa kuhudumu akaja mbio na kitambaa.

"Pole, Nyanya, imemwagika? Nikuletee nyingine?"

Nikamwambia alete. Nayo nikaimwaga, hatua tatu kutoka pale, kwa sababu mpaka leo sijui ni wapi.