Wimbo Niliouanzisha Mtoni

Mdomo wangu umeniponza. Kazi yangu ni kukata nyasi kwenye nyumba ya likizo huku Runyenjes, lakini wageni wakitaka kuona maporomoko, najifanya mjuzi wa kila kitu.

Jumapili iliyopita tulikuta watu wameingia mtoni, wameshikana mikono, wengine wakiomba ukingoni.

"Ni ubatizo," nikawaambia wageni kwa maringo. "Pigeni picha, hawana shida."

Wakapiga mpaka filamu ikaisha. Nami na kiherehere changu nikapiga makofi, nikaanzisha wimbo wa shangwe kwa sauti yote. Hakuna aliyeitikia.

Mama mmoja akatoka majini, nguo zikichuruzika, mkononi ameshika viatu vidogo vya mtoto.

"Wacha kuimba, ndugu yangu," akaniambia polepole. "Bado hatujampata."