Nilivyotesti Mbao za Mawimbi

Siku yangu ya kwanza kazini nilijisifu mbele ya Nahodha, na sifa hizo ndizo zilizonitupa majini. Nilikuwa nimefika pwani asubuhi hiyo nikitoka Huruma, Nairobi, na begi la nguo na kisanduku changu cha misasa na brashi. Huruma nilikuwa fundi wa faiba, yaani zile nyuzi za kioo zinazofumwa kama kitambaa. Unazilowesha kwa rezini iliyochanganywa na hadina kidogo, dawa ya kuigandisha, zinashika, zinakuwa ngumu. Nilikuwa nikiunga bampa za magari, matangi ya maji, hata mimbari moja ya kanisa iliyoangushwa kwenye kesha. Shemeji yangu alisikia kuna boti inayotafuta mtu anayeijua faiba, awe anasafiri nayo. Basi nikaenda.

Nahodha alikuwa mtu wa pwani, mfupi, mwenye sauti kubwa na utani usioisha kuhusu watu wa bara. Alinizungusha botini mpaka tezini, huko nyuma ya chombo, kulikokuwa na meza chini ya turubai.

"Hii ndiyo karakana yako, Fundi. Wageni wangu ni wapanda mawimbi. Nawapeleka visiwa vya mbali kusiko na watu, wanavunja mbao zao, wewe unaziunga. Umefahamu?"

"Nimefahamu, Nahodha. Na nikwambie kitu kimoja." Hapo ndipo mdomo uliponiponza. "Kwetu Huruma kazi haitoki mkononi mwa fundi bila kutestiwa. Nikiunga kitu, nakitesti mimi kwanza, halafu ndiyo mwenye mali anachukua."

Akanitazama juu mpaka chini. "Kila kitu?"

"Kila kitu."

"Haya. Neno lako nimelishika."

Nyinyi mnaokaa karibu na gereji mnajua. Fundi akishakaza nati ya mwisho, lazima alitoe gari barabarani alizungushe mtaa, na mwenye gari anangoja. Nilisema kwa mazoea tu. Sikujiuliza hata kidogo ubao wa mawimbi hutestiwa wapi. Na kuogelea sikujua. Maji mengi zaidi niliyowahi kuingia maishani yalikuwa ya karai.

Niwaeleze kazi yenyewe. Wageni walikuwa wachache, wanalala humo humo na kula humo humo, nasi tunakata maji siku baada ya siku mpaka visiwa ambavyo vingine havina hata kisima. Mbona kwenda mbali hivyo? Kwa sababu mawimbi yaliyo karibu na hoteli yana foleni, watu wanazozana nani apande lipi. Kule mbali wimbi linajikunja kuanzia mwanzo hadi mwisho na hakuna wa kuligombania. Wimbi zuri hutaka mwamba chini yake, upepo mwepesi unaotoka nchi kavu, na maji yaliyojaa kiasi. Kando ya mwamba huwa kuna mlango, yaani njia ya maji yenye kina ambapo mawimbi hayavunjiki. Hapo ndipo boti ndogo hungoja wageni, injini ikiwa inanguruma taratibu, haizimwi hata mara moja.

Mwanzoni niliona ni michezo ya watu walioshiba. Halafu tukafika mwamba wa kwanza. Wimbi la kijani likainuka mbele yetu, likapita karibu hivi, likinguruma, na mtu amesimama ndani yake kabisa! Nilipiga ukelele mpaka mpishi akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Kuna nini? Nani kaanguka?"

"Hakuna aliyeanguka! Tazama, bwana, tazama!"

Tangu siku hiyo sikusema tena ni michezo ya walioshiba.

Miongoni mwa wageni wa safari ile alikuwemo mama mmoja wa makamo, mnyamavu, nesi huko kwao ng'ambo. Nyonga yake ilikuwa mbovu. Akirudi angefanyiwa upasuaji, na daktari alikuwa amemwambia wazi kwamba baada ya hapo hatapanda wimbi tena. Alichokuja kutafuta ni wimbi la kisiwa cha mwisho katika safari yetu, refu na la taratibu, alilokuwa amelisikia tangu ujana wake. Na hapo hapo, kwenye kisiwa cha kwanza, bahari ikaukunja ubao wake, kah! Vipande viwili. Nahodha alikuwa na mbao za akiba, lakini zilikuwa fupi, za vijana wepesi wa kuruka. Kwa nyonga ile alihitaji ubao mrefu uliotulia, na mrefu ulikuwa huo mmoja tu.

Alinikabidhi vipande vyake bila kulia. "Fundi, itawezekana?"

"Itawezekana, mama."

Nilipogeuka nikamwona Nahodha anatabasamu. "Na kutesti je?"

"Kutesti?"

"Umesema mwenyewe. Ubao ulioungwa vibaya hukatika tena mtu akiwa juu ya mwamba, na huyu mama hawezi kupigana na maji kwa nyonga hiyo. Simpandishi juu ya ubao ambao aliyeuunga anauogopa. Utesti, au yeye akae botini akitazama wenzake, na wewe nikuteremshe bandari ya kwanza ukaendelee na bampa zako."

Nikasema mbele ya watu wote kwamba sijui kuogelea. Boti nzima ikaangua kicheko. Mpishi alishika mbavu.

"Kuelea nitakufundisha mimi," Nahodha akasema. "Kuzama unajua tayari."

Nilikasirika, sitawaficha. Nilimkasirikia yeye, nikajikasirikia mimi zaidi. Lakini nikimtazama yule mama amekaa kando ya vipande vyake viwili, hasira inageuka kuwa kazi. Nikaanza.

Ubao wa mawimbi ni povu gumu lililovishwa faiba, na katikati kuna ukanda wa mbao tuliouita uti, unaoanzia kichwani mpaka mkiani. Kwanza unajua povu lako ni la aina gani, kwa sababu kuna ambalo rezini ya kawaida hulila likayeyuka kama siagi. Unadondosha tone kwenye kipande kidogo na kungoja. La yule mama lilistahimili. Nikachimba mfereji kila upande wa uti, nikatia vipande vya mbao kavu vya kuushika kama banzi kwenye mguu uliovunjika, nikaviunganisha vile vipande viwili na kuvikaza kwa mikanda. Shida kubwa ni kunyoosha. Ubao una mkunjo wake kutoka kwa aliyeuchonga, ukipinda kidogo tu utaenda upande. Nikalala chali chini ya meza, jicho moja nimefumba, nikiuchungulia uti kutoka mkiani. Kisha faiba, tabaka juu ya tabaka, na jua la visiwa likakausha kila kitu haraka kuliko nilivyozoea, ikabidi nipunguze hadina. Nikapiga msasa mpaka kiungo hakionekani, unakisikia kwa kidole tu.

Kila mchana, boti ikitia nanga, nilikuwa ndani ya maji matulivu nyuma ya mwamba, nimevaa jaketi la kuokolea, nikipiga mateke kama mtoto anayekataa kuogeshwa. Nahodha alinikemea kutoka kwenye boti ndogo. "Lala! Bahari haikuli, lala!" Yule mama aliingia majini na nyonga yake ile, akanishika kidevu kwa vidole viwili, akaniambia nipumue polepole. Siku moja nikasikia kidevu changu kiko peke yake. Nikageuza macho, nikamwona yuko mbali, mikono ameinua juu, anacheka. Nilikuwa naelea! Mimi, mtoto wa Huruma!

Tulifika kisiwa cha mwisho mawimbi yakiwa makubwa. Nahodha akasema kesho yake yangekuwa bora zaidi, kwa hiyo siku ya kutesti ni hiyo hiyo tuliyofika. Akanipeleka sehemu ya ndani, ambako wimbi lilikuwa limeshavunjika na kuwa povu linalosukuma. Nikafunga kamba ya mguu, ile inayozuia ubao usikukimbie, nikalala juu ya kazi ya mikono yangu.

"Linakuja, Fundi! Piga makasia kwa mikono! Piga! Piga!"

Nikapiga. Kitu kikaninyanyua kwa nyuma, na mara ubao ukachomoka. Jamani! Nilikuwa naenda! Macho yangu hayakutoka kwenye kiungo, nimekikodolea nikingoja kipasuke, nacho kimetulia kimya. Nikasikia mtu anapiga mayowe, kumbe ni mimi. "Imeshikaaa! Imeshikaaa!" Nikaingia mchangani kwa tumbo, mdomo umejaa chumvi.

"Tena," akasema Nahodha. "Mgeni hatapanda kwa tumbo."

Nikarudi. Nikaanguka, nikanywa maji, nikaanguka tena. Kisha nikasimama, magoti yamekunjwa, makalio nyuma kama mtu anayetafuta kiti gizani. Nilisimama kwa muda mfupi sana, lakini nilisimama, na kiungo kikabeba uzito wangu wote. Nahodha hakutania. Aliuchukua ubao, akaupapasa, akampa yule mama.

Kesho yake nilikuwa kwenye boti ndogo, mlangoni mwa mwamba. Yule mama akachagua wimbi, akalipanda, akasimama polepole kama mtu anayeinuka kitini kanisani. Wimbi likamchukua, likamchukua, likazidi kumchukua, kutoka ncha ya kisiwa mpaka alipokuwa nukta. Alipoletwa alikuwa analia na kucheka, nami vivyo hivyo. Sikuteremshwa bandari yoyote.

Baada ya hapo ikawa sheria ya chombo: ubao uliokatika haurudi kwa mgeni kabla Fundi hajaupanda. Niliporudi Nairobi msimu ulipoisha, nilikwenda kwenye bwawa la umma nikajifunza kuogelea sawasawa, katikati ya watoto waliokuwa wakiniita Guka Mapovu, yaani Babu Mapovu. Baadaye nilihamishiwa chombo kikubwa zaidi cha kampuni yetu, chini ya Meneja wa Safari, mama mkali asiyependa maelezo marefu. Naye aliisikia sheria hiyo akaishika. "Fundi, umeupanda?" "Nimeupanda, Meneja." "Basi mpe mwenyewe." Nimepanda mbao za watu wengi mno, kwenye mawimbi ambayo wengi hulipa na kungoja miaka ili kuyaona. Nyumbani nani angeniamini? Mke wangu, Mama Ndinda, alikuwa akiwaambia wageni, "Huyu anasema anasimama juu ya bahari. Mpeni chai, labda ni jua limempiga kichwani."

Sasa nimestaafu, tunakaa Tassia, huko huko Nairobi. Goti la kushoto lilinigomea, daktari akasema basi. Nikienda Huruma kuwaona vijana wa faiba huniita, "Niaje mzae, tupigie ile story!" Nami nawaambia jambo la kazi: msikubali kukabidhi kitu ambacho nyinyi wenyewe mnakiogopa. Wanatikisa vichwa, kisha wanauliza wimbi gani lilikuwa tamu kuliko yote. Hilo nalijibu bila kufikiri.

Ni la safari yangu ya mwisho. Walikuwa wamenirudisha kwa Nahodha wangu wa kwanza, kichwa chake kimejaa mvi. Siku ile hakuna mgeni aliyevunja chochote. Meza yangu ilikuwa tupu. Nahodha akanijia akiwa amebeba ubao mrefu, mpya, haujawahi kuguswa na msasa wangu.

"Shika. Nenda."

"Una kasoro gani?"

"Hauna kasoro. Nenda, Fundi!"

Wageni walikuwa wanakula. Hapakuwa na mtu mwambani ila mimi. Likaja moja, safi, la kijani, nikaligeukia, nikasimama juu ya lile goti bovu, na likanichukua. Nikaona mwamba ukipita chini ya maji na rangi zake zote. Nikaona ukuta wa maji ukijikunja mbele yangu, kisiwa chote kimejaa jua, anga, minazi, Mungu wangu. Nilicheka peke yangu mwanzo hadi mwisho.

Boti ndogo ikaja kunichukua mlangoni. Nahodha akainama kuupokea ubao, akauliza kama alivyokuwa akiuliza siku zote nikitoka kutesti.

"Vipi, Fundi? Ubao umeshika?"

Nikapangusa maji usoni.

"Sijui, Nahodha," nikamwambia. "Sikuuangalia."