Namba Ikivuka Ng'ambo

Mwalimu wa hesabu wa binti yangu aliniita shuleni, hapa hapa Likoni, akaniketisha kwenye dawati la wanafunzi na kunishauri nimwandikie mtoto mkondo wa sanaa atakapoingia sekondari ya juu. Binti yangu yuko gredi ya tisa, na tangu zamani anataka sayansi, awe mfamasia.

"Mama, tusidanganyane," akasema. "Watoto wa huku hesabu haziwaingii."

Niliomba kwanza nione karatasi yake ya mtihani. Swali lilikuwa hili: 3x + 5 = 17, tafuta x. Binti yangu alikuwa ameipeleka tano upande wa pili ikawa kutoa tano, akabaki na 3x = 12. Vizuri kabisa. Kisha akaipeleka na ile tatu, nayo akaigeuza kuwa kutoa tatu. Kumi na mbili toa tatu, tisa. Akapigwa mkasi mwekundu wa kukosa.

Nikaomba na karatasi za wenzake. Karibu zote zilikuwa na tisa.

"Umeona mwenyewe," mwalimu akasema, kama aliyeshinda kesi.

"Uliwafundishaje?"

"Namba ikivuka ng'ambo inabadilisha ishara. Kanuni rahisi tu."

Kanuni gani hiyo? Mimi navuka feri kila asubuhi kwenda kazini, na nikifika ng'ambo ni yule yule niliyetoka Likoni. Namba haivuki popote. Tano unaitoa pande zote mbili kwa sababu ilijumlishwa. Tatu imezidishwa, basi unagawanya pande zote mbili kwa tatu. Hilo tu. Nilimwambia darasa zima likikosea pahali pamoja kwa namna moja, kosa si la watoto. Akatazama saa yake, akasema muhtasari ni mrefu na hana muda wa kueleza kila kitu. Muda wa kuwadharau watoto wetu alikuwa nao.

Binti aliporudi nyumbani alasiri, nilimwita kabla hajavua sare. Nikapanga sahani tatu mezani, na kikapu kando.

"Humu mna mahamri kumi na saba. Matano ni ya babako. Yaliyobaki ugawe sawasawa kwenye sahani hizi. Kila sahani itapata mangapi?"

"Manne," akajibu, hata mkono haujafika kwenye kikapu.

"Basi x ni ngapi?"

Akachukua kalamu. Akatoa tano huku na huku, akagawanya kwa tatu huku na huku, akapata nne. Nikamwambia aiweke nne pale palipokuwa na x, apige hesabu upya. Ikatoka kumi na saba. Nilidhani atacheka.

"Kwani mimi si mjinga, mama?"

Aliuliza kweli kweli, akaningoja nijibu. Nikamwambia si mjinga. Kisha nikavaa tena viatu, nikarudi shuleni kumwandikia mkondo wa sayansi kabla geti halijafungwa.