Fundi Anayebisha Hodi

Fundi wetu wa kompyuta hafungui mashine ya mtu kabla ya kubisha hodi. Huligonga kasha mara mbili kwa ukucha wa kidole gumba, huisukuma juu miwani yake iliyofungwa uzi, kisha hufuta huku akiaga. Faili za muda huziambia, “Nendeni salama.” Mabaki ya programu zilizokwishaondolewa huyaambia, “Na nyinyi mmekaa mno.” Leo alikuwa kwenye kompyuta ya katibu wetu. Diski C ilijaa pomoni, mstari wake wa nafasi umekuwa mwekundu, barua haihifadhiki na mkuu anaisubiri. Kila nafasi ilipoongezeka aliimba, “Gigabaiti mbili, mama, tatu hizo,” mabega yakicheza yenyewe. Hatimaye akafika kwenye pipa la taka la kompyuta, na kama kawaida yake akauliza kwanza, kidole kikiwa juu ya kitufe.

“Nilimwage pipa, mama?”

“Thubutu, mwanangu. Humo ndimo ninamoweka barua zote za mkuu. Miaka sita sasa.”

Kidole kilirudi kama kilichogusa pasi ya moto. Hakumcheka. Alizitoa barua moja moja, akiziita kama mwalimu anayeita majina darasani, akazipa folda yao, nami nikauma kalamu nisipasuke kwa kicheko. Kisha akalimwaga pipa, na mstari ukageuka bluu. Ndipo akainama kulitazama pipa la kweli, lile la plastiki chini ya meza.

“Na humu, mama, unaweka nini?”

“Mkoba wangu. Nani ataiba taka?”

Fundi akaligonga mara mbili kwa ukucha. “Hodi,” akasema, na kalamu ikanitoka mdomoni.