Kipande cha Mwisho cha Anga

Nilitoka Kitengela kwa sababu Daktari Achieng' alinibembeleza nimwendeshee pikapu. Alikuwa jirani yangu wa ploti, mwalimu wa chuo kikuu, na miaka ile ya tisini alikuwa anapiga anga picha kipande kwa kipande, apate mahali kamili pa kila nyota. Kilibaki kipande kimoja tu. Mvua ikianza kabla hajakipata, ramani yake ingebaki na tundu, na darubini yenyewe ilikuwa ya kuazima. Mimi mwalimu wa shule ya msingi, nyota nilizozijua ni za mabegani mwa polisi.

Kisaju tulinunua maji na mkate. Kajiado ilikuwa siku ya soko la mifugo, pikapu yetu ikakwama katikati ya mbuzi. Daktari hakuwaona hata. Macho yake yalikuwa kwa mawingu.

Jioni tukafika kwa Mama Naserian, mjane aliyetukubalia uwanja nyuma ya boma lake. "Takwenya!" akatusalimu kwa Kimaasai. "Iko!" tukajibu. Ng'ombe walikuwa wanaingia, nami nikaanza kwa kidole: mmoja, wawili, watatu...

"Mwalimu, shusha hicho kidole! Ng'ombe hawahesabiwi. Kwani unataka wafe?" Mama Naserian akanikemea.

Aibu ilinishika. Yeye alisimama langoni akiwatazama sura tu. Wa mwisho alipoingia, akashika kifua. "Yule mwekundu wa pembe moja hayuko. Na yuko karibu kuzaa."

Akaenda kumtafuta, giza likamkuta huko. Weee! Anga ile sijui niisimulie vipi. Kitengela tuna nyota chache za kubahatisha. Hapa zilijaa mpaka chini kwenye nyasi, nikajiona mdogo, machozi yakanitoka bila sababu. Daktari alikuwa ameshafungua kamera ya darubini, ibaki wazi saa nzima, na nyota alizozitaka zilikuwa zinashuka kuelekea kilima cha magharibi.

Hapo Mama Naserian akarudi mbio. "Niwashieni taa za gari! Fisi analia kule korongoni."

Mwanga ungeharibu picha. Nilimtazama Daktari. Akaifunika darubini kwa kitambaa.

"Washa," akaniambia.

Tulimpata yule mwekundu korongoni, ndama amelowa miguuni pake, fisi wawili wakizunguka. Taa ziliwafukuza. Ndama tukamrudisha kwa pikapu, mama yake akitufuata nyuma.

Daktari alipoifunua tena darubini, nyota zilikuwa karibu kugusa kilima. Mama Naserian hakuambiwa na mtu, alipita nyumba kwa nyumba akiamuru, "Zimeni! Hata jiko!" Boma zima likawa giza. Akakaa langoni na rungu, akilinda mifugo bila moto, mpaka Daktari akafunga kamera na kusema, "Imeingia."

Baada ya mvua tulirudi na picha mbili: yetu, na nyingine ya zamani ya kipande kile kile, iliyopigwa na watu wengine miaka mingi nyuma. Daktari akamwonyesha nyota moja ndogo.

"Zingine ziko mahali pake, Mama. Hii imehama kidogo."

Mama Naserian akaiinamia. "Peke yake?"

"Peke yake."

"Na nani anaifuata?"

Daktari akafikicha macho. "Mimi, Mama. Mimi ndiye naifuata."

Siku hizi nikitoka nje usiku hapa Kitengela, natazama juu nione kama zote zimeingia. Mikono naiweka mfukoni.